Zako Tia Maji: Lakini Maji Gani?

Wahenga walisema, mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Nimeitumia methali hii mara nyingi darasani na katika makala zangu, kila mara kwa maana ile ile ya onyo: lililomfika jirani leo litakufika wewe kesho, basi jiandae. Sikuwahi kujiuliza lolote kuhusu maji yenyewe. Ilinibidi nifike umri wa miaka arobaini na kitu, nisimame mbele ya kioo cha bafuni hapa Dodoma nikiwa nimejipaka usoni kitu kinachofanana na chokaa iliyochacha, ndipo nilipotambua kwamba swali kubwa la methali hiyo limejificha katika neno lake la mwisho.

Makala haya yanahusu povu la kunyolea. Msomaji aliyezoea kukuta hapa mijadala ya katiba, bajeti na elimu ya juu anivumilie. Tutafika huko, tena kwa njia fupi kuliko anavyodhani.

Zawadi ya rafiki

Mwishoni mwa mwaka jana, rafiki niliyesoma naye shahada ya uzamivu, ambaye alibaki Ulaya, alipita nchini akaniletea kopo dogo la krimu ya kunyolea. Haikuwa ya kiwandani. Ilitengenezwa kwa mikono katika karakana ya watu wachache, na kiambato chake kikuu ni shahamu ya ng'ombe, yaani yale mafuta magumu yanayozunguka figo na tumbo, yakayeyushwa kwa moto mdogo, yakachujwa na kuachwa yagande. Rafiki yangu alijua kwamba kwa zaidi ya miaka ishirini nimekuwa mateka wa vipele vya ndevu, na alinihakikishia kwamba povu la shahamu lingenikomboa.

Maelezo yaliyobandikwa kwenye kopo yalikuwa mafupi. Lowesha brashi, chukua krimu kiasi cha lozi moja, sugua kwa mzunguko, na baada ya dakika moja utapata povu zito kama malai. Nilitii kila neno. Povu lilichomoza, likatazama huku na huku, likafa. Kilichobaki kilikuwa utando wa kijivu ulionatanata kwenye ngozi na kuganda pembeni mwa beseni. Nilinyoa hivyo hivyo, na shingo ikaniwaka moto hadi kipindi cha saa nne.

Siku ya pili niliongeza krimu. Siku ya tatu nililaumu brashi. Siku ya nne nilijilaumu mwenyewe, nikaamini kwamba kuna ustadi wa mkono ambao wenzetu wamerithi kwa baba zao na mimi sikurithi. Ndugu msomaji, uweke akilini mfuatano huu wa lawama: kwanza bidhaa, kisha chombo, kisha mtu. Tutaurudia.

Asubuhi ya tano baba mkwe wangu alikuwa kwetu kwa matibabu ya macho. Ni mzee wa miaka zaidi ya themanini, mzaliwa wa Kongwa, na mtu asiye na maneno mengi. Alinikuta kwenye karo la uani, povu halijapanda.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Unamwadhibu nani tangu alfajiri?"

Nikamweleza kwamba nimeletewa sabuni ya bei kubwa ambayo haifanyi kazi. Akalichukua kopo, akalinusa, akatia kidole ndani, akasugua kati ya vidole viwili.

"Sabuni hii haina kosa. Haya ni maji ya kisima. Maji haya yanakula sabuni. Sisi ya kunyolea tulikuwa tunakinga ya mvua, yana mtungi wake, na mtoto akiyachezea anachapwa."

Ilikuwa mwezi Machi, na mke wangu alikuwa na ndoo mbili zilizojaa chini ya mchirizi wa bati. Nikachota bakuli moja. Krimu ile ile, brashi ile ile, mkono ule ule. Povu likapanda hadi likafunika brashi.

Maji yanayokula sabuni

Kauli ya mzee ni sahihi kikemia kuliko wengi wetu tungeweza kuitamka. Sabuni huzaliwa pale mafuta yanapokutana na magadi makali. Mafuta huvunjika, gliserini hujitenga, na asidi za mafuta hushikamana na sodiamu au potasiamu iliyomo katika magadi. Sodiamu huzaa sabuni ngumu ya mche. Potasiamu, ambayo kale ilipatikana kwa kuchuja maji kwenye majivu ya kuni, huzaa sabuni laini, na ndiyo asili ya krimu za kunyolea hadi leo. Mfaransa Michel Eugène Chevreul ndiye aliyeufumbua undani wa jambo hili, na kitabu chake kuhusu mafuta ya wanyama kilitoka mwaka 1823. Kabla yake watu walikuwa wamepika sabuni kwa maelfu ya miaka bila kujua ni nini hasa kinachotokea ndani ya sufuria.

Maji ya mvua hayana madini mengi. Maji ya ardhini hupita katika miamba na kubeba kalsiamu na magnesiamu. Sabuni ikikutana na madini hayo huiacha sodiamu au potasiamu yake na kushikamana nayo, na kinachozaliwa hakiyeyuki wala hakitoi povu. Ndio ule utando wa kijivu. Kwa hiyo kila unapoongeza sabuni katika maji magumu, sehemu ya kwanza haikusaidii kitu. Inalipa kodi ya madini. Ni baada ya madini yote kushiba ndipo sabuni inayobaki huanza kutoa povu. Jiji letu hutegemea kwa kiasi kikubwa visima vya bonde la Makutupora, na yeyote aliyehamia hapa na ofisi yake anajua ukoko unaoganda ndani ya birika la chai. Ukoko ule na utando wa shavuni mwangu ni ndugu wa damu.

Sasa nieleze namna ya kulipata povu, kwa kuwa nimelipia somo hili kwa ngozi yangu. Loweka brashi katika maji ya mvua yenye uvuguvugu kwa dakika mbili au tatu, kisha ikung'ute hadi isidondoshe. Chukua krimu ndogo, kiasi cha karanga mbili, uiweke katika bakuli. Sugua kwa mzunguko kwa nusu dakika hadi ipatikane rojo nzito inayoshika nywele za brashi. Hapo ndipo wengi hukosea, kwa kumwaga maji kwa pupa. Shahamu haitaki hivyo. Chovya ncha ya brashi tu, matone machache, kisha zungusha tena; rudia mara tatu au nne. Povu likiwa kavu, lisilong'aa na lenye kuvuta ngozi, linaomba maji. Likiwa na mapovu makubwa kama ya sabuni ya kufulia na kuteremka kidevuni, limezidiwa maji. Lililo sawa halionyeshi mapovu kwa macho. Linang'aa kama mtindi mzito, na ukilisugua kati ya vidole huteleza bila kukatika. Wakati huo ndevu ziwe zimeshapata maji ya uvuguvugu, maana unywele uliolowa hukatika kwa urahisi kuliko mkavu. Kisha unyoe kufuata mwelekeo wa nywele, usikandamize wembe, na wenye nywele za kipilipili kama mimi tusitamani kunyoa hadi chini kabisa, kwa sababu nywele iliyokatwa chini ya ngozi hujikunja na kuota ndani, na hicho ndicho kipele.

Kwa nini shahamu? Mafuta ya nazi yana asidi ya lauriki kwa wingi, ambayo hutoa povu la haraka, kubwa na jepesi, lakini huvunjika upesi na hukausha ngozi. Shahamu ya ng'ombe ina asidi za palmitiki na steariki kwa wingi. Povu lake huchelewa kupanda, lakini likipanda ni zito, lina mapovu madogo sana, na hudumu wembe unapopita. Watengenezaji wengi huchanganya vyote viwili, nazi kwa ajili ya mwanzo na shahamu kwa ajili ya mwendo. Kwa msomaji ambaye dini yake inamtaka ajue mnyama aliyetoa mafuta, swali hilo ni halali kabisa kuuliza kabla ya kununua, na mtengenezaji mwaminifu huandika jibu kwenye kopo.

Profesa aliyehesabu povu

Nilipoketi kutafuta historia ya jambo hili, nilikutana na mtu ambaye ningependa wanafunzi wangu wamfahamu. Thomas Clark alikuwa profesa wa kemia katika Chuo cha Marischal, Aberdeen, Uskoti. Mwaka 1841 alipata hataza ya njia ya kuyalainisha maji kwa kutumia chokaa. Lakini kilichonigusa zaidi ni kipimo chake. Ili kujua ugumu wa maji, Clark alichukua maji katika chupa, akatia mmumunyo wa sabuni kidogo kidogo kwa vipimo maalumu, akatikisa, na kuendelea hadi lipatikane povu lililodumu kwa dakika tano. Kiasi cha sabuni kilichotumika ndicho kilichosema ugumu wa maji. Hadi leo kuna kipimo cha ugumu wa maji kinachobeba jina lake.

Tuutazame mgeuzo huu wa fikra. Sote tunatumia maji kuipima sabuni: tukinawa na povu lisipande, tunasema sabuni ni mbovu. Clark aliitumia sabuni kuyapima maji. Povu lililokufa kwake halikuwa aibu ya sabuni, wala ya mfuaji. Lilikuwa ushahidi kuhusu mazingira.

Ushahidi huo ulikuwa na thamani ya fedha. Uingereza ilitoza ushuru wa sabuni tangu mwaka 1712 hadi ulipofutwa mwaka 1853, hivyo kila kipande kilicholiwa na maji magumu kilikuwa hasara kwa kaya na kwa viwanda vya nguo. Mwaka 1859 jiji la Glasgow lilianza kuletewa maji ya Ziwa Katrine kutoka milimani. Sababu kuu ilikuwa usafi na hofu ya magonjwa kama kipindupindu, lakini maji hayo yalikuwa laini mno, na kaya za jiji zikaanza kupata povu kwa sabuni kidogo. Mamlaka za jiji hazikuwatangazia wakazi kampeni ya namna ya kusugua vizuri zaidi. Zilibadilisha maji.

Kutoka shahamu hadi Kongwa

Karne iliyofuata iliisahau hekima hiyo kwa njia mbili, moja ndogo na moja kubwa.

Njia ndogo ilipita usoni mwa mwanaume. King Gillette alipata hataza ya mashine yake ya kunyolea nchini Marekani mwaka 1904, na Vita Kuu ya Kwanza ikaiingiza mikononi mwa mamilioni ya askari. Mwaka 1919 Frank Shields, aliyewahi kufundisha katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, alitoa Barbasol, krimu isiyohitaji brashi wala povu. Baada ya Vita Kuu ya Pili yakaja makopo yenye gesi, ambamo povu hutoka likiwa limeshatengenezwa. Mnyoaji haulizwi tena chochote kuhusu maji ya nyumbani kwake. Ni maendeleo, sikatai. Asubuhi za watu zimefupishwa. Ila maarifa ya mtungi wa mvua, ambayo mzee wa Kongwa na mfuaji wa Aberdeen walikuwa nayo kwa pamoja, yakakosa mtu wa kuyarithi. Ndiyo maana mimi, mwenye shahada tatu, nilihitaji siku tano na mzee mmoja.

Njia kubwa ilipita katika mashamba ya Afrika. Shahamu ya ng'ombe haikutosha kuosha Ulaya ya viwanda. William Lever, aliyesajili jina la Sunlight mwaka 1884, alijenga utajiri wake juu ya sabuni iliyotumia mafuta ya mimea kwa sehemu kubwa, yakiwemo ya nazi na ya mise. Kutafuta mise na mawese kulimfikisha Kongo ya Wabelgiji, ambako mwaka 1911 ilianzishwa kampuni ya Huileries du Congo Belge ikiwa na maeneo makubwa ya michikichi na mji ulioitwa kwa jina lake, Leverville. Kazi ya shuruti ilitumika kuyavuna matunda hayo, jambo ambalo wanahistoria wameliandika kwa kina. Mwaka 1929 kampuni ya Lever iliungana na watengenezaji wa siagi ya mimea wa Uholanzi ikazaliwa Unilever, na tawi lake la biashara barani Afrika likaitwa United Africa Company.

Vita Kuu ya Pili ilipokata njia za meli, mafuta yalianza kupungua Uingereza. Mwezi Februari 1942 sabuni iliwekwa katika mgao, kwa sababu mafuta yale yale yaliyohitajika sufuriani mwa mpika sabuni yalihitajika mezani. Vita viliisha, mgao haukuisha. Katika hali hiyo, mwaka 1946, Frank Samuel, mkurugenzi mkuu wa United Africa Company, aliipelekea serikali ya London wazo la kulima karanga Tanganyika kwa kiwango ambacho dunia haikuwahi kukiona. Hivyo ndivyo kiu ya mafuta iliyoanzia katika sufuria za sabuni ilivyofika hapa jirani yetu, mashariki ya Dodoma, katika nchi ya Wagogo.

Serikali ilituma ujumbe wa watu watatu: John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, pamoja na msimamizi wa mashamba ya kampuni na mtaalamu wa fedha. Walizunguka kwa wiki tisa, sehemu kubwa wakitazama nchi kutoka angani. Walipendekeza zaidi ya ekari milioni 3 zilimwe, katika mashamba 107, kila moja la ekari 30,000. Mpango uliidhinishwa, na mwaka 1947 matrekta yakaanza kuingia Kongwa.

Baba mkwe alikuwa mtoto mdogo wa kuchunga ndama. Anakumbuka mngurumo, na anakumbuka wazee wakikaa kivulini kuwatazama wageni wakiing'oa mibuyu, wakiulizana kwa sauti ya chini watu hawa watakunywa nini. "Hakuna aliyekuja kuwauliza," aliniambia. "Wangeuliza, wangeambiwa."

Wangeambiwa kwamba mvua ya Kongwa haina ahadi. Wangeambiwa kwamba udongo ule ukinyeshewa kisha ukapigwa jua hushikamana kama tofali, na karanga, msomaji anajua, huzaa chini ya ardhi. Ardhi ikigeuka tofali, mavuno hubaki humo. Wangeambiwa pia kwamba mchanga wake unakula chuma, kama jembe la kila kaya lilivyokuwa likishuhudia. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa kufyeka ekari 150,000. Zilizopandwa zilikuwa takriban 7,500. Mwezi Januari 1951 serikali ya Uingereza iliuvunja mpango huo na kufuta hasara ya takriban pauni milioni 36.

Mambo mengi yaliuangusha mpango wa karanga: matrekta mabovu yaliyokusanywa baada ya vita, haraka ya wanasiasa, bandari isiyotosha, usimamizi wa mbali. Sidai kwamba swali moja lingeliokoa lote. Ninachosema ni kwamba nchi iliyokuwa na profesa wa kuyahoji maji kwa chupa na sabuni mwaka 1841 ilituma, miaka 105 baadaye, mabilioni ya karanga katika ardhi ambayo haikuwa imeihoji ipasavyo. Maarifa hayakukosekana duniani. Yalikosa kiti mezani.

Ripoti niliyoiandika mimi

Ingekuwa rahisi kuishia hapo, tukiwalaumu wakoloni, kisha kila mtu akaenda zake akiwa ameridhika. Lakini povu lililokufa kwenye shavu langu lilinikumbusha karatasi ambayo ningependa isingekuwa na jina langu.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mmoja wa watafiti waliokodiwa kutathmini mradi wa unawaji mikono katika shule za msingi za wilaya moja kame. Mradi ulikuwa umegawa vibuyu chirizi, mabango yenye picha nzuri na katoni za sabuni. Tulipofika, mabango yalikuwepo ukutani, na sabuni zilikuwa zimejaa kabatini mwa mwalimu mkuu, nyingi zikiwa hazijafunguliwa. Tuliwahoji walimu, tukajaza madodoso, tukachora majedwali. Katika sura ya hitimisho niliandika, kwa mkono wangu, kwamba kikwazo kikuu kilikuwa mwamko mdogo wa wanafunzi na jamii, na nikapendekeza mafunzo zaidi.

Baada ya tukio la bakuli la mvua nilikwenda kulitafuta daftari langu la safari ile. Nililipata. Katika ukurasa mmoja, kwa mwandiko wa haraka, nilikuwa nimeandika maneno ya msichana wa darasa la tano: "Sabuni haishiki, mikono inabaki inanata." Chini yake sikuandika kitu. Shule ile ilikuwa na kisima kirefu kimoja, na mimi mwenyewe nilikunywa soda siku zile mbili kwa sababu maji yake yalinishinda kwa chumvi.

Yaani msichana wa miaka kumi na mmoja alinipa jibu la utafiti, na mimi nikalipita nikielekea kwenye jedwali. Alikuwa amefanya jaribio la Profesa Clark kwa viganja vyake. Nami nikamrudishia hukumu kwamba hana mwamko. Mfuatano ni ule ule niliokuomba uuweke akilini: bidhaa haina kosa, chombo hakina kosa, basi kosa ni la mtu. Maji hayakuingia hata katika orodha ya watuhumiwa.

Sitaki kutia chumvi katika jambo lenye chumvi ya kutosha. Inawezekana zilikuwepo sababu nyingine, na hata katika maji magumu kunawa ni bora kuliko kutonawa. Lakini hitimisho langu lilifunga mlango ambao ungepaswa kubaki wazi. Kwa kadiri nijuavyo, fedha zilizofuata zilikwenda kwenye mafunzo, kama nilivyopendekeza. Ningependekeza matangi ya kuvunia mvua kwenye mapaa ya madarasa, huenda leo watoto wale wangekuwa na maji yanayokubali sabuni kwa miezi michache ya mwaka.

Kwenu mlio maofisini

Naandika haya nikijua kwamba wengi wenu mnaosoma ukurasa huu ni watumishi wa umma na wanaharakati, na wengine ni wanafunzi mtakaokuwa hao hao kesho. Kila wiki huletwa mezani penu kopo lenye maelezo mafupi: mfumo wa tathmini uliofaulu kwingine, mtaala uliosifiwa, programu ya kompyuta, mbegu, mkopo wa vikundi. Sina ugomvi na makopo ya kigeni. Krimu ya rafiki yangu ni nzuri, na shingo yangu imepona. Ugomvi wangu ni na tabia ya kuyaona maji kuwa ni yale yale kila mahali, kisha povu likigoma, kumgeukia mwananchi na kumwandikia maneno matatu ambayo nimeyakuta katika ripoti zisizohesabika, zikiwemo zangu: uelewa bado mdogo.

Neno hilo ni utando wa kijivu wa lugha ya utawala. Linatokea pale jambo jema linapokutana na mazingira ambayo hayakuulizwa.

Mwezi uliopita niliiandikia ofisi iliyotukodi barua ya kurasa mbili, nikieleza kwamba hitimisho la sura ya mwisho ya ripoti ile halikuwa na ushahidi wa kutosha, na nikaambatisha nakala ya ukurasa wa daftari. Sijajibiwa. Huenda hakuna aliyebaki pale anayeikumbuka. Nimeinakili barua hiyo na kuigawa katika darasa langu la mbinu za utafiti, ikiwa na jina langu, ili vijana waone kosa hilo likiwa na mwenyewe.

Baba mkwe amesharudi Kongwa, macho yake yakiwa na nafuu. Kabla ya kuondoka alinunua mtungi sokoni, akauweka kwenye kona ya bafu, na kumwonya mjukuu wake kuhusu kuuchezea.

Ndugu msomaji, mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Ila kabla ya kutia, na hasa kabla ya kuandika kwamba watu wa mahali fulani hawana mwamko, omba chupa moja ya maji ya pale pale. Tia sabuni kidogo, tikisa, uiweke mezani, kisha utazame saa yako kwa dakika tano.